Shukrani Iliyotangulia Posa

Jumamosi ile Fundi aliolewa kabla ya chai ya saa nne, na mwenyewe hakuwa na habari.

Alikuwa ameinama kwenye cherehani yake sebuleni, anatia zipu kwenye sketi ya mteja mmoja mkorofi, mama yake yuko uani anatoa mikate kwenye tanuri. Ghafla wimbo ukaingia dirishani. Redio ilikuwa imezimwa. Huu ulikuwa wimbo wa watu waliochoka safari lakini furaha yao imezidi pumzi. Fundi alipoinua kichwa, watu watatu walikuwa wamekwisha kuvuka kizingiti: mzee mmoja kashika kofia mkononi, mama mmoja mnene kakumbatia kuku kwapani, na mama mwingine mrefu, mwembamba, anayepiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Wanawake wale walivaa majoho ya kwaya ya zambarau. Sura zao Fundi hakuzijua, lakini mshono aliujua. Kile kipande cha begani alikiongeza yeye mwenyewe, huku akikilaani kitambaa kwa kuteleza.

"Bwana asifiwe, mama mtumishi," alisema yule mnene, akamsogezea kuku.

Fundi akageuka nyuma kumtafuta huyo mama mtumishi. Nyuma kulikuwa na ukuta na kalenda.

"Mnamtafuta nani, mama yangu?"

"Tukutafute wewe na tumeshakuona? Si wewe uliyetushonea haya majoho? Na si wewe mke wa Mwinjilisti wetu? Amemshukuru Mungu kwa ajili yako mbele ya kanisa zima. Tukasema haiwezekani mtumishi wetu aoe, halafu sisi tukae kimya kama tumefiwa."

"Tumetoka alfajiri," aliongeza yule mwembamba. "Gari lilituacha kwenye njia panda, tukamalizia kwa miguu. Lakini tumefika, Mungu ni mwema."

Kwenye mlango wa uani mama yake Fundi alikuwa amesimama na sinia la mikate, unga umempanda mpaka kwenye viwiko.

"Nani kaolewa?" aliuliza.

Kuku peke yake ndiye aliyejibu.

*

Ili umwelewe mama huyu, usimhukumu haraka. Mwoka mikate yule hakuwa mkali kwa kuzaliwa. Alikuwa ameumwa na nyoka, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mume wake, baba yake Fundi, alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Ndoa yake nzima mama alikula kwa kusubiri na kulala kwa kusubiri. Sasa binti yake wa pekee, katika wanaume wote waliojaa mjini, wenye maduka na ofisi na miguu iliyotulia, alikuwa amempenda mwinjilisti msafiri.

Na msafiri kweli. Kazi ya Mwinjilisti ilikuwa kuyazungukia makanisa madogo yaliyotawanyika huko ambako barabara hukata tamaa: waumini kumi na tano hapa, ishirini kule, wanaosali kwenye darasa la kuazima au ghala lililohamwa. Alihubiri, ndiyo, lakini mahubiri yalikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kubeba misumari na mabati, kuunga nyaya za spika, kumfundisha mkulima aliyechaguliwa jana kuwa mhubiri namna ya kuandaa neno la Jumapili bila kuwalaza watu. Mwaka uliopita kanisa moja kubwa la mjini lilipobadilisha sare, aliyaomba majoho yao ya zamani na kuyaleta kwa Fundi, gunia zima, yapunguzwe na kuongezwa yawatoshe wanakwaya wa vijijini. Alikuwa na vipimo vyao vyote kichwani. "Huyu ni mpana hapa," alisema akijipima kwa mikono yake mwenyewe, "na huyu ni mrefu kama mlingoti, lakini ana aibu, usimwache vifundo vya miguu wazi." Fundi alicheka mpaka akajichoma sindano. Alipoinua macho akamkuta anamwangalia kidole kile kwa huruma, kana kwamba kimevunjika. Basi. Mambo mengine yote yalifuata pale.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mama akajua. Mwinjilisti alipokuja kuomba ruhusa ya kuleta posa, mama alimkaribisha kwa chai na mkate moto, akamsikiliza, kisha akamuuliza swali moja tu.

"Watu wako ni nani, baba? Nani watakuja?"

"Sina watu, mama. Wazazi walinitoka nikiwa mdogo. Nimelelewa na huyu na yule."

"Basi mtu asiye na watu, akipotea namuuliza nani?"

Hakukataa wala hakukubali. Alisema atafikiri, na tangu siku hiyo alikuwa akifikiri, huku Fundi akikonda kwa fikra za mtu mwingine. Kila safari ya Mwinjilisti ilipokaribia, mama alikuwa na methali yake tayari: "Heri kenda shika, mwanangu, kuliko kumi nenda uje. Huyo wako ni nenda uje mwenyewe." Na Fundi aliapa moyoni kwamba bila baraka ya mama haolewi, na bila Mwinjilisti haolewi pia. Katikati ya viapo hivyo viwili ndipo alipokuwa amesimama asubuhi hii, zipu mkononi.

*

Alimpigia simu. Alimwambia neno moja tu, "Njoo," na Mwinjilisti, aliyekuwa dukani akipakia mabati kwenye lori la jioni, alikuja mbio na vumbi la kutu kwenye shati. Alipowaona wageni, uso ulimng'aa. Alipomwona mama, ukazimika. Macho yake yakamtafuta Fundi, na Fundi akayapokea, maana hata katikati ya aibu ile alikuwa hajamwona kwa wiki mbili na moyo hauna adabu.

"Keti," mama alimwambia. "Hawa wanasema umeoa. Nieleze. Mimi ni mzazi tu, labda nilipitiwa na usingizi siku ya harusi."

Mwinjilisti alibaki amesimama.

"Mama, kosa ni langu. Jumapili nilikuwa nafundisha habari ya kushukuru kwa imani. Kwamba ukimwomba Mungu jambo, unamshukuru papo hapo kama umekwisha kulipokea. Watu walikuwa wamekata tamaa, mvua imewaharibia mazao. Nikaona niwape mfano wa jambo ambalo mimi mwenyewe naliomba kwa machozi. Nikapiga magoti mbele yao, nikamshukuru Mungu kwa mke wangu, yule fundi aliyewashonea majoho."

"Ukaondoka."

"Nikaondoka, mama. Kesho yake nilikuwa na kanisa jingine la kwenda."

"Yaani umemshukuru Mungu kwa kitu ambacho mimi sijatoa."

Mwinjilisti akainamisha kichwa. Mzee wa kanisa akakohoa kidogo, akaizungusha kofia mikononi.

"Tusamehe, mama," alisema. "Sisi kule tumezoea kwamba huyu akishukuru, kitu kipo. Alishukuru kwa mabati tukiwa tunanyeshewa, na mabati yakaja. Alishukuru kwa spika, ikaja. Sasa aliposhukuru kwa mke, sisi tukatafuta kuku."

"Mabati hayana mama, mzee wangu," alijibu mama.

Yule mwembamba akaziba mdomo, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka. Hata Fundi kilimponyoka. Mama peke yake hakucheka, ingawa pembe ya mdomo wake ilitaka.

"Na wewe," alimgeukia binti yake, "unacheka? Mtama umemwagwa penye kuku wengi. Mpaka kesho kutwa makanisa yote yatakuwa yanajua kwamba wewe ni mke wa mtu. Nikikataa, wewe ndiye mke aliyeachwa kabla ya kuolewa. Nikikubali, nimelazimishwa na kwaya. Mimi mnaniweka wapi?"

Kicheko kikamwisha Fundi. Mama alikuwa amesema kweli tupu, na kweli ile iliwauma wote wawili sawasawa.

Ndipo Mwinjilisti akasema jambo ambalo Fundi hakulitarajia.

"Mama, nina neno. Lile kanisa kubwa la mjini wamenipa nafasi ya kukaa pale. Nyumba ipo, kazi ipo, kila jioni narudi nyumbani. Nilikuwa sijawajibu. Nitawajibu leo. Sitasafiri tena. Kama ni safari zinazokuzuia kunipa binti yako, safari zimeisha."

Mama mnene, ambaye huko kwao alikuwa shemasi, alimweka kuku chini polepole. Mwembamba akalitazama joho lake. Fundi aliwaona wale watu watatu wakipokea habari ile: walikuwa wamesafiri tangu alfajiri kuja kumpongeza mtu, na sasa mtu huyo anaondoka mikononi mwao.

Mzee wa kanisa ndiye aliyesema kwanza, na sauti yake haikuwa na lawama hata chembe.

"Kama mke amepatikana kwa njia hiyo, mtumishi, mchukue. Sisi tutashukuru kwa hapa ulipotufikisha. Ulitukuta tisa chini ya turubai. Leo tuna paa, tuna mhubiri wetu, japo anachanganya Agano la Kale na Jipya. Hutudai na hatukudai."

"Hapana," Fundi alisema.

Wote wakamgeukia. Hata yeye mwenyewe alishtuka kusikia sauti yake.

"Hapana nini?" Mwinjilisti aliuliza kwa upole.

"Sitaki uache. Nani kakwambia nataka uache?"

"Fundi, nafanya hivi kwa ajili yako."

"Ndiyo maana sitaki. Leo utaacha kwa ajili yangu, na kila masika utakaa dirishani unaangalia mvua, unajiuliza paa la nani limevuja. Utanipenda, najua, lakini utanipenda kama mtu anayekaa rumande. Mimi nilimpenda yule aliyekuja hapa na vipimo vya watu kichwani. Huyo wa kukaa mjini simjui."

"Na mama?"

"Mama ni mama yangu. Nitasubiri mpaka aseme. Nikizeeka nikisubiri, nimezeeka."

Alisema hivyo, na machozi yakamshinda. Mwinjilisti alipiga hatua moja kumwendea, akakumbuka yuko nyumbani kwa nani, akasimama. Mikono yake ilibaki hewani haina pa kwenda. Walitazamana hivyo, na katika kutazamana kule kulikuwa na kila kitu walichokosa kuambiana kwa wiki mbili.

Mama Shemasi hakuweza kuvumilia. Alikuwa mtu wa moyo mlaini na mdomo mlaini zaidi.

"Mwanangu, usilie," alimwambia Fundi. "Huyu akiwa kwetu hayuko porini. Hata masika yale alipougua, hatukumwacha dakika. Siku nne anaweweseka kwa homa. Mimi nililala chini pembeni ya kitanda chake, huyu dada akawa anampooza kwa maji, mzee akatembea usiku kucha kwenda kumleta mganga wa zahanati."

Fundi alifuta macho. "Alipougua lini?"

Mama Shemasi akamwangalia Mwinjilisti. Mwinjilisti akaiangalia kalenda.

"Masika yale," Fundi alisema, "uliniambia mtandao ulikuwa mbovu."

"Na mtandao pia ulikuwa mbovu," alijibu Mwinjilisti kwa sauti ndogo.

"Siku nne umelala unaweweseka, mimi hapa natia vifungo mashati ya watu."

"Ungefanya nini zaidi ya kuumia, mpenzi?"

Neno lile lilimponyoka mbele ya mama mtu, naye akalijutia papo hapo. Lakini mama hakulisikia. Alikuwa ameketi. Sinia la mikate alilokuwa amelishika muda wote huo ameliweka magotini, na macho yake yalikuwa kwa Mama Shemasi.

"Ulilala chini?" aliuliza.

"Tungemwacha peke yake, dada yangu? Ni mtoto wa watu. Nilisema moyoni, mama yake angekuwepo angelala hapa. Hana mama, basi nimelala mimi."

Mama alipoanza kusema, sauti yake haikuwa ile ya methali.

"Mume wangu alifia njiani. Kwenye nyumba ya wageni, mji ambao sijui hata unafananaje. Aliugua ghafla. Waliniletea mwili, na juu yake mfuko wenye nguo zake. Nilipoufungua, nikakuta nguo zimefuliwa. Zimefuliwa na kukunjwa vizuri, mpaka soksi. Yeye hakujua kukunja hata leso." Alipitisha kiganja usoni, unga ukabaki shavuni. "Kuna mtu huko alimfulia. Labda alimshika mkono, labda alimpa maji. Nimeulizia, nimechoka. Sikuwahi kumpata nimwambie asante. Watu wanadhani nachukia safari. Safari sina ugomvi nazo. Kinachoniuma ni kutokumjua aliye upande wa pili."

Fundi alikuwa hajawahi kusikia habari za zile nguo. Aliishi na mama huyu miaka yote, wakigawana mkate na umeme na vicheko, na kumbe mama alikuwa amebeba asante isiyo na mwenyewe. Alikwenda akapiga magoti pembeni yake, akamfuta unga shavuni kwa ncha ya kanga.

Mama akamshika mkono Mama Shemasi.

"Asante," alimwambia. "Kwa kulala chini. Na wewe dada, asante kwa maji. Na wewe mzee wangu, kwa miguu yako."

"Ni wajibu, mama," alisema mzee wa kanisa, na kofia ikamdondoka.

Wakakaa hivyo kidogo, watu wazima wanapangusa macho na kusingizia moshi wa tanuri. Kisha mama akasimama, akalikabidhi sinia kwa Mwinjilisti bila kumwangalia.

"Sasa tokeni nje," alisema.

Mioyo ikaanguka. Mzee aliinama kuokota kofia, akabaki ameinama. "Mama, kama tumekukosea..."

"Mmenikosea sana. Mmeingia nyumbani kwa watu mnaimba, bila hodi, mnamwita binti wa watu mke. Sisi hapa hatufanyi hivyo. Huyu kijana aliniambia hana watu, na mimi nikamwamini. Alikuwa hajui asemalo. Watu wake si nyinyi? Akipotea nitamuuliza nani kama si nyinyi? Basi tokeni, mjipange, muamue nani mwenye ulimi mtamu, mpige hodi kama watu wanaokuja kuposa. Na huyo kuku mumshike vizuri, manyoya yanaingia kwenye sketi ya mteja."

Ilichukua muda mfupi maneno yale kueleweka. Aliyeelewa kwanza ni yule mwembamba, akaanza kigelegele, Mama Shemasi akamfinya.

"Bado," alimnong'oneza. "Tuposeni kwanza. Leo tumeshachanganya mambo mara moja."

"Na mimi, mama?" aliuliza Mwinjilisti, sinia mikononi.

"Wewe upite uani ukageuze mikate. Umeona wapi mtu anakuja kujiposea?"

Akapita. Lakini alipofika mlangoni aligeuka akamtazama Fundi, macho yamejaa maji, midomo wazi kama mtu anayetaka kushukuru na safari hii anaogopa kuanza. Fundi alimpungia mkono aende, maana na yeye asingeweza kumtazama zaidi bila kulia upya.

Nje kulikuwa na mabishano ya chini chini. Mzee hakutaka kusema peke yake. Mama Shemasi alisema ataanza yeye na mzee atamalizia. Mwembamba aliuliza kama kwenye posa watu huimba. Ndani, mama alijipangusa unga, akafunga kitambaa chake upya, akaketi wima kwenye kiti cha mkabala na mlango. Fundi alirudi kwenye cherehani, akaweka mguu kwenye pedali. Hakuikanyaga; angeshona, angeharibu.

"Hodi hapa," ilisikika sauti ya mzee, nzito, ya heshima.

Mama hakuitikia.

"Hodi wenyewe."

Fundi alimtazama mama yake. "Mama, wanapiga hodi."

"Nasikia."

"Huwaitikii?"

"Nyumba ni yangu, jibu ni lako." Mama alimtazama binti yake kwa muda mrefu, kama anavyotazamwa mtu kwenye kituo cha mabasi. "Ukiitikia, ujue umeitikia na safari zake, na masika, na huo mtandao mbovu. Mimi nimeshasema yangu. Nimekubali. Lakini sitaki siku moja uniambie ni mama aliyefungua mlango."

Fundi alimshika mkono mama yake, akaubusu, akaukandamiza kifuani.

"Asante, mama," alisema. "Kwa hili, na kwa yote uliyosubiri."

"Haya, wageni wanaungua jua."

Hodi ya tatu ilipigwa na wote watatu kwa pamoja, na ndani yake ilisikika ya kuku pia. Fundi aliinuka, akanyoosha gauni lake, akavuta pumzi.

"Karibuni," aliitikia, kwa sauti ya kusikika mpaka uani.